Darasa la Tisa ni la Shule Gani?

Benchi lenyewe lilikuwa kiti cha nyuma cha basi la shule. LaVell Bingham alikibeba siku aliyostaafu kuendesha basi hilo, akakiweka mbele ya duka lake la matairi, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza alipewa na nani. Kimetazamana na mlango wa shule ya kati ya Tarver, barabara moja tu katikati. Tarver ni mji wa watu wa kanisa, kahawa hainyweki hadharani, kwa hiyo pale benchini hunywewa soda yenye nazi na ndimu, barafu tele, kwenye vikombe ambavyo kwingine vingeitwa ndoo. Kikombe cha Redio, mzee aliyepewa jina hilo kwa kuwa habari zake hazizimiki, peke yake ndicho hufunikwa na kutoa mvuke. Askofu hukaa ubavuni pake kila siku ya Mungu, na pua yake haijawahi kunusa kitu.

Siku hiyo ya Aprili wazazi walikuwa wakiingia shuleni wawili wawili na watoto wao wa darasa la tisa. Ilikuwa siku ya mpango, siku ambayo kila mtoto hukaa na mshauri wa shule na mtu mzima wake, wakapanga masomo ya miaka mitatu ya sekondari mpaka siku ya kuvaa joho. Rulon Stokes, mfuga kondoo, alikuwa na mjukuu mle ndani, Oaklee, aliyemlea tangu mama yake alipokwenda Nevada kutafuta kazi na kazi ikamweka hukohuko. Miadi yao ilikuwa saa nane. Saa nane ilishapita, na Rulon alikuwa amekaa benchini, tena si mahali pake pa kila siku. Alijibanza pembeni kabisa, nyuma ya rundo la matairi.

— We Rulon, mbona leo umejificha huko? — aliuliza LaVell, ambaye kijiwe kizima humwita Profesa, kwa kuwa miaka aliyoendesha basi la shule yeye huihesabu kuwa ni ya ualimu.

— Jua.

Profesa alitazama juu. Mawingu yalikuwa yamelala mpaka kwenye paa la duka.

— Haya. Na mle ndani huendi?

— Nikafanye nini? Yule bado yuko darasa la tisa. Darasa la tisa ni shule ndogo. Mambo ya kuhesabiwa yanaanza kule juu, la kumi.

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayejua, na akaomba moyoni mmoja wao amuunge mkono upesi. Kwa maana juzi, wakati wa chakula cha jioni, Oaklee alikuwa ameweka uma chini akamwambia taratibu kwamba si hivyo. Mshauri amewaeleza darasa zima: jengo ni la shule ya kati, sawa, lakini krediti za darasa la tisa ni za sekondari. Kila somo unalofaulu ni krediti, zikipungua joho huvai. Naye Oaklee alikuwa ameanguka hesabu.

Alianguka msimu ule wa kupukutika majani, wakati Rulon alipomtoa shuleni kwenda kushusha kondoo mlimani, na walipomaliza kondoo ukaanza msimu wa kuwinda kulungu, na nani Tarver anakaa darasani msimu wa kulungu? Mtoto aliporudi na matokeo, akiwa na machozi, babu yake alimpigapiga begani. Usijali, Oaklee, hiyo ni shule ndogo, haihesabiwi. Mtoto akafuta machozi akaamini.

— Hapo nakuunga mkono mia kwa mia, — Profesa alisema, na Rulon akapumua. — Mimi nimewabeba hawa watoto. Sekondari inaanza pale mtoto anapoacha kupanda basi. Akishaendesha gari lake mwenyewe kwenda shule, basi, huyo ni mwanafunzi wa sekondari. Darasa la tisa lote wanapanda basi. Sasa krediti itoke wapi?

— Kwa hiyo mtoto asiye na gari hamalizi shule? — aliuliza Askofu.

— Nakwambia utaratibu, Askofu, sikwambii nani ana gari.

Huyo Askofu jina lake ni Merrill Thurgood. Uaskofu wenyewe, ambao kanisani kwao ni kazi ya zamu, alishaukabidhi kwa mwingine zamani, siku hizi anauza bima, lakini Tarver ukishaitwa Askofu utazikwa nalo.

— Mimi naona hivi, — alisema kwa upole wake ule wa kukera. — Somo uliloanguka ni kama kosa. Linafutika. Yule mshauri, dada Whitlock, amesema kuna darasa la kiangazi. Mtoto anakaa kiangazi, anarudia hesabu, anasafishika, anapanda juu mweupe. Si ndivyo, Rulon?

— Sijui. Labda.

Alijua vizuri sana. Nafasi za darasa la kiangazi zilikuwa zinagawiwa leo, na mtu mzima sharti awepo aweke sahihi. Anayekosa atarudia hesabu kule juu, kipindi kilekile cha mchana ambacho wenzake watapanda basi kwenda chuo cha ufundi kusomea utabibu wa mifugo. Oaklee hakuwa akitaka kitu kingine duniani. Mtoto huyo alishawahi kuingiza mkono kwenye tumbo la kondoo, akiwa hata meno ya ukubwani hayajamaliza kuota, akageuza mwanakondoo aliyekaa vibaya, akamtoa hai huku babu yake ameshika tochi na kusahau hata kupumua.

— Kusafishika! — Redio alicheka mpaka mvuke ukamtoka puani. — Askofu, wewe bado unadhani shule ni kanisa. Hao hawasamehi, bwana. Hizo krediti hazikai pale shuleni, zinakaa kwenye kompyuta, mjini, kwenye jengo halina hata dirisha. Na kompyuta hiyo haipendi watoto wa mashambani.

— Kompyuta inajuaje nani wa shambani? — aliuliza Profesa.

— Inaangalia nani hakuja shule msimu wa kulungu! We unafikiri wanaita majina asubuhi kwa ajili gani? Ukikosa siku hiyo unawekewa alama. Ukikosa na wakati wa kushusha kondoo, alama ya pili. Basi, umekwisha. Hata upate mia kwenye mtihani, inakukata.

— Acha zako, Redio.

— Haya, niambie. Mtoto wa yule daktari wa meno, umewahi kuona ameanguka somo?

— Mtoto wa daktari wa meno anasoma.

— Ndivyo wanavyotaka useme!

Profesa, aliyehisi uprofesa wake unaponyoka, alisogea mbele mpaka kiti kikalia.

— Kompyuta ni kitu kidogo. Hujiulizi kwa nini kila mwaka wanaongeza masomo ya kumalizia shule? Enzi zetu ulikuwa unajua kusoma, unajua kuandika, unajua kukaa kimya, unapewa cheti. Leo wameongeza sijui mambo ya fedha, sijui afya, sijui sanaa. Kwa nini? Majoho, bwana!

— Majoho yamefanyaje?

— Yanashonwa kiwanda kimoja tu, nchi nzima. Watoto wamekuwa wengi, majoho ni yaleyale. Sasa utapunguzaje wavaaji? Unaongeza masharti. Wakianguka mia mbili, majoho yanatosha. Nilishayabeba mimi kwenye basi, yako kwenye maboksi, yana jasho la watu wa zamani.

— Hapo umechemsha, — alisema Askofu.

— Hajachemsha! — Redio aliruka. — Hata vile vishada vya kofia, yale manyuzi yanayoning'inia, yana rangi. Rangi ile inaonyesha nani akae mjini na nani arudishwe kondooni. Watu wanapiga makofi hawajui wanapigia nini!

Rulon hakucheka. Siku nyingine angechangia, tena yeye ndiye aliyewahi kuwashawishi kwamba theluji ya kaskazini imeongezwa chumvi. Leo kila neno la wale wawili alilishika kama mtu anayeshika kamba, akitaka limshawishi, maana kama ni kompyuta, au majoho, au manyuzi, basi si yeye. Lakini mlango wa shule ulikuwa ukifunguka na kufungwa, na kila ulipofunguka alijikunyata nyuma ya matairi. Alikuwa na aibu, hakuna namna nyingine ya kusema. Aliogopa kuingia mle, dada Whitlock amuulize kwa ile sauti yake laini: ndugu Stokes, nani alimwambia mtoto kwamba darasa la tisa halihesabiwi?

— Rulon, — Askofu alimgeukia, — wewe babu yake unasemaje?

— Nasema ataendelea tu. Mtoto ana akili.

— Akili anayo. Nauliza kuhusu leo.

— Leo nini? Dada Whitlock si atampangia? Yeye ndiye mwenye kazi hiyo.

— Kweli kabisa, — alisema Profesa. — Ukienda utamharibia kazi.

— Na ukiweka sahihi ndo wamekupata, — alimalizia Redio.

Wazazi waliokuwa wakiingia walikuwa wamepungua. Sasa walikuwa wanatoka, wengine wameshika makaratasi, wengine wakigombana na watoto wao njia nzima kuhusu somo la muziki. Kati yao alitoka mtu mrefu, mnene, mwenye shati la maua, akavuka barabara moja kwa moja mpaka benchini. Ni Semisi Fonua, Mtonga wa visiwa vya Pasifiki, aliyehamia Tarver na familia yake baada ya mavuno. Anaendesha lori la mchanga. Kijiweni alikuwa hajawahi kukaa, alikuwa hupita tu na kupunga mkono.

— Hamjambo, wazee.

— Hatujambo, ndugu Fonua. Umetoka kumpangia kijana? — aliuliza Askofu.

— Nimemaliza, namshukuru Mungu. Ila nina shida ndogo, nikasema hapa hapakosi mtu wa kunisaidia. — Alivua kofia akajifuta jasho. — Kuna msichana mle ndani, pale kwenye viti vya kusubiria. Kasuka nywele mikia miwili, kavaa buti zina samadi. Yuko peke yake. Kiti cha pembeni kakiwekea koti lake ili mtu asikae. Nimemkuta pale, nimeingia, nimetoka, bado yupo. Kila anayekuja anampisha, anasema pita tu, mimi nasubiri. Na mshauri anakaribia kufunga.

Profesa aligeuza shingo akaanza kusoma maandishi kwenye tairi.

— Nikamuuliza, mwanangu, unamsubiri nani? Akasema babu yake. Akasema, babu yake hajasahau, asidhaniwe amesahau, ila leo ni zamu yake ya maji, na maji hayaachwi. Akishafunga lango la mfereji tu atakuja. Sasa mimi nina lori, nikaona nikimbie huko mferejini nimchukue mzee wa watu, nimlete, nimrudishe. Lakini mashamba ya huku siyajui bado. — Akawatazama mmoja mmoja, uso wote wema. — Hivi leo maji ni ya nani?

Tarver nzima hunywesha mashamba kwa mfereji mmoja, na kila familia ina siku yake tangu enzi za mababu. Mtoto wa miaka mitano ukimwamsha usingizini atakwambia leo maji ni ya nani. Hilo lilikuwa swali jepesi kuliko yote yaliyoulizwa pale benchini mwaka huo.

Askofu alitazama barafu kwenye kikombe chake. Maji yalikuwa yake, wanawe walikuwa shambani wakiyasimamia wakati huo huo, na mtu ambaye hajawahi kusema uongo alikuwa anatafuta namna ya kutosema kweli. Redio alikaza kifuniko cha kikombe chake. Profesa aliendelea kusoma tairi.

Rulon ndiye aliyeumia kuliko wote, kwa kuwa asubuhi hakumwambia Oaklee neno lolote la maji. Mtoto alimuuliza, Babu, utakuja? Yeye akajibu, Tutaona, akatoka kwenda kuwasha gari. Maji yake ni Ijumaa. Oaklee ndiye anayemsaidia kuinua lango kila Ijumaa alfajiri, na uongo ule alikuwa ameutunga mwenyewe, akawa anaukariri kwa kila mgeni aliyepita, ili watu wasimfikirie babu yake vibaya.

— Mbona mmenyamaza? — Semisi aliuliza. — Nimeambiwa huku kila mtu anajua.

Rulon alisimama, tairi moja la juu likaanguka na kubingirika hadi mlangoni mwa duka, na hakuna aliyeliinukia.

— Leo maji ni ya Askofu, — alisema.

Akavuka barabara bila kutazama magari, kwenda kukaa kwenye kiti kile kilichowekewa koti.