Gunia Lenye Kichwa Kirefu

Haya, mama zangu, baba zangu, ndugu zangu wa kikundi chetu cha kusaidiana, wa mujini na wa milimani, nimesimama. Mwenyekiti kasema nije mbele. Mi nilitaka kusema nikiwa nimekaa, lakini sawa. Wakristo muliomo humu, tumushukuru Mungu. Waislamu muliomo humu, tumushukuru Mungu huyohuyo. Ukimaliza kushukuru, kaa vizuri kwenye benchi lako, maana habari yenyewe ni ndefu.

Wengi munanijua. Mi ni yule mwenye makaa pale Carama, karibu na bomba la maji. Ukinikuta asubuhi, ni meno tu yanaonekana. Makaa yangu yanatoka kilimani, kwa shemeji yangu, kaka mukubwa wa mume wangu. Shemeji alikuwa anachoma, mume wangu anateremsha kwa velo, baiskeli yake, mi nauza kwa kopo. Mumoja juu, mumoja njiani, mumoja chini. Hatukuwa na utajiri, lakini watoto walikula, wakasoma, tukaingia na humu kikundini.

Halafu ukaja ushuru wa moshi. Kwenye karatasi una jina refu, sisi tuliuita hivyo. Wakubwa walitueleza kwenye mukutano wa mutaa: hewa ya dunia imechafuka, miti ya milimani inaisha, basi kila anayetumia kitu cha kutoa moshi alipe kidogo, nchi nzima, mafuta ya gari na makaa vilevile. Ndugu zangu, nawaambia kweli, siku hiyo nilipiga makofi. Hewa safi nani anaikataa? Mi mwenyewe nakohoa. Ila hatukuuliza kwa makaa watapimaje. Kumbe pale kizuizini, kwenye njia ya kuingia mujini, walihesabu magunia. Liwe dogo, liwe kubwa, gunia moja ni ushuru mumoja.

Sasa munajua gunia la makaa lilivyo. Likijaa mupaka mudomoni halishonwi. Unapanga vipande virefu juu ya mudomo, unazungushia majani, unafunga kamba, linakuwa na kichwa. Tangu zamani kichwa kilikuwa kifupi, cha kumufurahisha mununuzi tu. Ulipokuja ushuru wa kuhesabu magunia, vichwa vikaanza kuota. Leo kinafika kifuani, kesho begani, wiki nyingine velo inateremka mulima na mutu huwezi kumuona, unaona gunia linatembea lenyewe. Kila mutu wa makaa alifanya hivyo. Tulicheka! Tukasema tumewapata wakubwa, tunalipa moja tunapitisha mawili.

Na huku mujini bei ilipanda hivyohivyo. Wanawake walikuja kwangu na kopo, wananitukana. Mi nikawatukana watu wa milimani: nyinyi ndio munakata miti, nyinyi mulipe, mbona munatutupia sisi? Shemeji naye akinitumia neno kupitia mume wangu: chakula munapika nyinyi wa mujini, moshi ni wa kwenu, nyinyi mulipe. Na wote, wa juu na wa chini, tukigeuka tunawaangalia wa Kigobe, wenye gesi na umeme jikoni, tunasema mbona hawa hawaumii? Oo, wanalipa kwenye mafuta ya gari, tuliambiwa. Wanalipa, ndiyo. Lakini nani kawaona wakilala njaa kwa ajili hiyo?

Basi. Hapa ndipo hamutacheka.

Ilikuwa mvua imenyesha asubuhi. Mume wangu aliteremka na gunia lenye kichwa kirefu kuliko yeye. Munajua vijana wa velo wanavyofunga breki, wanakanyaga tairi ya nyuma na kandambili ya mupira. Kwenye kona, lami imelowa, kandambili ikateleza. Velo peke yake angeiweza, ameiendesha tangu ujana. Kile kichwa kikalala upande, kikamuvuta. Gunia likamuangukia muguuni, yeye na velo wakaingia mutaroni. Waliomutoa walisema makaa yalimwagika mupaka upande wa pili wa barabara, na watu wakaokota. Mume wangu analia mutaroni, watu wanaokota makaa. Mana yangu we, Mungu wangu!

Opitali wakasema muguu umevunjika vibaya, huenda wakaukata. Nikatoka nje nikakaa chini kwenye udongo na kitenge changu. Mutu wa velo bila muguu ni nini? Na mi bila mutu wa velo ni nini? Nilikaa pale, na moyoni nilikuwa na jina moja tu la kulaumu, shemeji. Nani kafunga gunia? Yeye. Nani kapanga kichwa kile? Yeye. Alipokuja opitali na ndizi zake kwenye mufuko, nilimuzuia mulangoni. Nilimuambia, "Apana. We umeshamuua ndugu yako kwa tamaa, sasa umekuja kumuzika?" Aliweka ndizi chini, akaondoka. Mutu muzima, mukubwa wangu, nilimufukuza mbele ya watu.

Muguu haukukatwa. Tushukuru. Lakini haukuwa muguu wa velo tena. Nyumbani mume wangu alikuwa anageukia ukuta, hata watoto wakimuita. Mi nikaacha kuuza. Makaa ya shemeji sikuyataka, ya wengine sikuwa na uwezo nayo. Nilisema kwa mudomo wangu, mbele ya watoto, kwamba kilimani hatuna ndugu tena.

Halafu mvua kubwa zikaja, tukasikia kule juu udongo umeteremka. Mume wangu, kwa mara ya kwanza, aligeuka kutoka ukutani. Akasema, "Nenda ukamuangalie kaka." Nikasema siendi. Akasema tena, "Nenda, nakuomba." Machozi yalikuwa yanamutoka. Nikaenda, lakini niliyabeba matusi yangu yote, nilikuwa nayapanga njia nzima.

Nilipofika, matusi yakaniishia. Shamba la maharage halikuwepo. Pale juu yake, zamani kulikuwa na miti, na miti yote tuliipikia sisi wa Carama. Udongo ulikuwa umeshuka wote mupaka karibu na ukuta wa nyumba. Shemeji alikuwa anachimba na jembe, peke yake. Aliponiona alisema tu, "Karibu, shemeji. Anatembea?" Hicho ndicho alichouliza. Nikasema anatembea kidogo. Akakaa chini kwenye matope, akafunika uso, akalia.

Ni muke wake aliyeniambia. Shemeji alikataa kufunga kichwa kile. Asubuhi ile, mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema, ongeza, kaka, ongeza, tukilipa ushuru wa magunia mawili hatubaki na kitu. Waligombana. Mwishoni shemeji alifunga, kwa sababu alijua mudogo wake akifunga mwenyewe angefunga vibaya. Na baadaye, nilipomufukuza pale opitalini, alikubali jina la muuaji ili mi nisimuchukie mume wangu.

Ndugu zangu, nilisimama pale nikatafuta mutu wa kuchukia, nikamukosa. Mume wangu alitaka watoto wapate kula. Shemeji alitaka vilevile. Hata walioleta ushuru, mbele yangu palikuwa na kilima kimeanguka, ningewaambia nini, kwamba miti haiishi? Neno lao lilikuwa la kweli. Muzigo tu ndio waliuweka vibaya, na sisi tukauficha kichwani mwa gunia, ukamuangukia mumoja. Nilimushika shemeji mukono. Nikamuomba anisamehe. Kisha nikachukua jembe la pili.

Wakubwa wa komini walipoita mukutano wa malalamiko, tulikwenda pamoja, shemeji na mi. Wa mujini walipiga kelele milima ilipe, wa milimani wakapiga kelele muji ulipe. Tulisimama wawili, tukaeleza habari ya kichwa cha gunia. Tukaomba vitu viwili: makaa yapimwe kwa kilo, na sehemu ya ushuru irudi kilimani kununua miche. Kilo wamekubali. Miche, wamesema wataangalia. Bado wanaangalia, na mi bado nauliza, kila mukutano naenda. Na kwamba mwenye kopo la makaa na mwenye gari mbili wanaumia sawasawa, hilo sikubali, sitakubali.

Sasa asante zangu. Mama zangu wa kikundi, mulipeana zamu ya kupika na kupeleka sahani opitalini, hata nyinyi mulionitukana juu ya bei. Kuna mumoja wenu alisimama mezani kwangu akauza makaa ya jirani ili wateja wasinisahau. Hajataka nimutaje. Anajijua, tena ameinamisha kichwa sasa hivi. Mungu awape kama mulivyonipa.

Na leo kuna hoja hapa mezani, kuwatoa watu wa milimani kwenye kikundi, eti wao kwa kukata miti ndio waliotuletea ushuru. Mutaamua nyinyi. Mi nina neno moja tu: muzigo ukiwa muzito, muugawe na muupime muchana, watu wote wakiona. Musimutafute mumoja wa kumubebesha. Mi nilimutafuta, na niliyemupata alikuwa ndugu yangu.

Siku hizi shemeji analeta gunia kwa gari la pamoja. Mume wangu anakaa mezani, fimbo pembeni, yeye ndiye anayepokea. Kabla ya kufungua, anapitisha kiganja juu ya gunia, taratibu, mwanzo mupaka mwisho. Hamna kichwa. Halafu anasogea kwenye benchi na ule muguu wake, anamuambia kaka yake akae.