Mama Kanini na Mkutano wa Diski

Bi. Waruguru Gachau, ambaye karibu sote humwita Mama Kanini, anastaafu Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025 baada ya kutumikia kampuni yetu ya kompyuta kwa miaka ishirini na sita, Thika na tawi la Ruiru. Aliingia akiwa karani wa stoo, enzi ambazo kazi za ofisi nzima zilibebwa kwa disketi. Anatoka akiwa mkaguzi mkuu wa vifaa. Hakuna flash wala diski ya nje iliyomfikia mteja kabla ya kupita mikononi mwake. Iliyofaulu aliitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Iliyoshindwa aliirudisha kwa aliyeileta, pamoja na maneno ambayo hayafai kuchapishwa katika jarida hili.

Nimeombwa niandike juu ya kazi yake yote, lakini nitaruka mengi, maana asiyejua habari za mkutano wa Machi 2022 bado hajamjua Mama Kanini.

Wenyehisa wetu kumi na wanne walikutana Thika kuamua jambo moja: tuuze diski gani ya nje? Kulikuwa na Dorva, ndogo, nyepesi, ya bei nafuu. Kulikuwa na Kelmi, nzito kidogo na ya polepole. Watengenezaji wa Dorva walikuwa tayari kutufanya mawakala wao, kwa sharti kwamba tusiuze diski nyingine yoyote, na walitaka jibu siku hiyo hiyo. Karibu mtaji wote ungeingia kwenye mzigo wa kwanza.

Bwana Karanja, mwenye hisa nyingi kuliko wote, aliitaka Dorva. "Mwanafunzi wa mtaa wa Kahawa Sukari anauliza bei kwanza," alisema. "Tukikataa sisi, jirani atachukua, halafu tutabaki tukiangalia foleni mlangoni kwake." Bi. Mwanamisi, mwenyehisa wa Ruiru, alimkatiza. Shule na zahanati, alisema, ndizo zinazorudi kila mwaka, na zikipoteza kazi zao hazirudi tena. Sauti zilipanda. Mtu mmoja alitishia kutoa hisa zake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za mkutano, na kuna ukurasa nilioandika maneno mawili tu: wanapiga kelele.

Hapo mwenyekiti, Mzee Zacharia, akamwita Mama Kanini.

Kwa wiki tano alikuwa amezijaribu Dorva kumi na mbili na Kelmi kumi na mbili. Alizijaza faili, kisha akakata stima ghafla, jinsi inavyokatika kwetu. Dorva tatu zilipoteza kila kitu. Kelmi hazikupoteza kitu, ila mbili zilikuwa na tundu la waya lililolegea, na hilo pia alilisema, ingawa Bi. Mwanamisi alimkazia macho.

"Tuonyeshe hapa," Bwana Karanja akasema.

Akachomeka Dorva, akakata stima. Faili zote zikawa salama. Akarudia. Salama. Mara tano alikata, mara tano diski ikafunguka bila tatizo, na kicheko kikaanza upande wa dirishani.

"Mama Kanini, umeona mwenyewe. Iko sawa," Bwana Karanja akasema.

Nilikuwa karibu naye. Aliacha mkono wake juu ya Dorva. "Nimeona," alijibu. "Nilisema tatu kati ya kumi na mbili, sikusema zote. Sasa mwenye faili ambayo hana nakala yake popote, aniletee niiweke hapa, nikate mara ya sita."

Hakuna aliyeinuka. Bwana Karanja aliitazama simu yake, akaigeuza kifudifudi mezani.

Kura zilikuwa nane kwa sita. Dorva ilikataliwa.

Msidhani alibebwa juu kwa shangwe. Duka la jirani lilichukua Dorva wiki hiyo hiyo, na kwa miezi saba tuliiona ile foleni tuliyoambiwa tungeiona. Kila mkutano Bwana Karanja aliuliza kwa nini bado tuna mkaguzi. Mama Kanini alihamishiwa kaunta ya Ruiru, akawa anauza waya za kuchajia simu. Baadaye aliniambia kwamba aliandika barua ya kujiuzulu na kukaa nayo kwenye mkoba siku tisa.

Mwezi wa nane baada ya mkutano, mkunga wa zahanati moja ya Kiuu aliingia na Dorva iliyonyamaza. Ndani yake mlikuwa na rekodi za chanjo za watoto zaidi ya mia nne, na hakuwa ameinunua kwetu. Mama Kanini hakumuuliza alikoinunua. Alihangaika nayo siku mbili, akaokoa karibu zote. Rekodi za watoto thelathini na mmoja hazikupatikana. Basi akawapigia wazazi, mmoja mmoja, kwa namba alizokuwa nazo mkunga, walete kadi za kliniki, akaanza kuziandika upya.

Siku ya tatu Bwana Karanja alifika tawini kwa shughuli zake. Alisimama akitazama benchi lililojaa akina mama na watoto. Kisha akavuta kiti, akachukua kadi, akaanza kumsomea majina.

"Mama Kanini, nilikosea," alisema baada ya kadi ya nne.

"Soma polepole," alijibu bila kuinua macho. "R na L zako zinanichanganya."

Benchi zima lilicheka, na yeye akacheka. Walimaliza zote thelathini na moja. Mwezi uliofuata Mama Kanini alirudishwa kwenye meza yake ya ukaguzi, na aliyeleta hoja hiyo mkutanoni alikuwa Bwana Karanja.

Meza hiyo sasa anaachiwa Akoth, aliyefunzwa naye kwa miaka miwili na ambaye, tunasikitika kuwaarifu wauzaji, ni mkali kumshinda mwalimu wake.

Mama Kanini, asante kwa kusema kweli siku ambayo hata mashine ilikukana. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na shamba linalokutii kule Kimbo. Nenda ukapumzike. Na simu ikilia kutoka stoo, tafadhali usishike. Lazima tujifunze.

Muriithi, Ofisi ya Thika