Fundi Levi Makokha Khisa, Aliyetutoka Ghafla Akiwa Kazini

Tunamshukuru Mungu aliyetupa Levi, hata leo tukiwa tumesimama hapa Ndalu na bado hatuamini. Maisha yake yanasomwa na dada yake, Edinah.

Levi Makokha Khisa alizaliwa hapa Ndalu tarehe 14 Machi 1975, kitinda mimba wa marehemu Mzee Eliakim Khisa na Mama Nasambu. Shule ya msingi alisomea papa hapa, kisha sekondari Webuye, akamaliza mwaka wa 1993. Alijifunza ufundi wa umeme Kitale, na huko akafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko.

Kwa hicho kibanda ndipo Pauline alileta spika ya kanisa iliyoharibika. Spika ilipona, na Pauline akaendelea kuja. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2001, na Mungu akawapa Zachary na Nakhungu.

Mwaka wa 2009 kituo kimoja cha redio pale Bungoma kilimwajiri atunze mitambo ya studio. Kubwa ilikuwa miksa, ile meza ya vifungo inayounganisha sauti zote. Miksa hiyo ina pawa saplai mbili, yaani masanduku mawili ya kuipa umeme, ili moja likikufa lingine libebe. Levi alikuta yote mawili yamechomekwa kwa ekstensheni moja. Akamuuliza meneja, "Bosi, hii ekstensheni ikiungua, hilo la pili litatusaidia na nini?" Moja akaliacha kwa stima ya kawaida, lingine akalipeleka kwa betri. Na kila mwezi alikuwa anazima moja kipindi kikiwa hewani, aone kama lingine linabeba kweli. Watangazaji waliogopa sana. Yeye aliwaambia, "Endeleeni kusoma, msiniangalie."

Hata nyumbani alipenda kila kitu kiwe na mwenzake, taa mbili, jiko mbili. Pauline akamuuliza, "Na bibi je? Naye unataka wa akiba?" Levi akacheka. "Wewe mama, tangu nikuoe hujanyamaza. Wa akiba atapata nafasi saa ngapi?"

Mahali pa kueleza alivyougua hatuna la kuandika, na hiyo ndiyo inatuumiza. Jumapili aliimba kwaya. Jumatano, tarehe 4 Februari 2026, alikunywa chai, akasema kichwa kinamgonga kidogo, akaenda kazi.

Mama Nasambu alikuwa hapa nyumbani anachagua maharagwe, redio ikisema. Mtangazaji, Cherop, binti aliyefanya kazi na Levi pale kituoni, alikuwa anasoma matangazo ya vifo. Levi alizima sanduku moja, lingine likabeba, akainua kidole gumba. Halafu akainama nyuma ya miksa. Cherop alidhani anashika nyaya, akaendelea kusoma, vile Levi mwenyewe aliwafundisha. Alipomaliza tangazo ndipo aliona miguu. Sisi tukasikia kwa redio, "Fundi! Fundi Levi, amka!" Mama akaangusha ungo. "Ni Levi gani huyo?" Alipofikishwa hospitali alikuwa ameshatuacha.

Sasa kuna maneno yanazunguka, hata kwa hii matanga. Ati Cherop alimwachia stima, ikampiga. Ati alimwona ameanguka, akasoma tu. Wengine hata wameingiza mambo ya kabila, kwa kuwa Cherop si wa kabila letu. Wapendwa, tafadhali, si mbele ya jeneza. Daktari aliyeupima mwili ametuambia ni mshipa ulipasuka kichwani, na alama ya stima hakuna. Hata Cherop angenyamaza mara hiyo hiyo, mshipa haungerudi.

Cherop mwenyewe alikuwa amesema hatakuja leo. Pauline akampigia simu, sisi tukisikia. "Wewe ndiye ulikuwa na yeye. Usipokuja, mimi nitamuuliza nani?"

Levi ameacha mama yake Nasambu, mjane wake Pauline, watoto wake Zachary na Nakhungu, dada yake Edinah, na kaka yake Hillary. Orodha ilikuwa iishe hapo. Pauline amesema jina moja liongezwe, na limeongezwa: Cherop. Ameketi kwa benchi ya familia, kando ya Mama. Atakayekuja kutupa mkono wa pole, ampe na yeye.

Lala salama, Levi. Bwana Yesu akutunze mpaka siku ya kuonana.