Chuma cha Kupandia Kilichonibakizia Shamba

Ndugu zangu wa Iyula, nimeandika haya kwenye daftari kwa sababu nikisema bila karatasi hasira inanipotezea maneno. Shule yangu iliishia darasa la nne, mnivumilie. Najua hapa kanisani tunashuhudia bila kutaja mtu. Mimi leo nitataja, halafu nitashukuru.

Jaredi, mwenye mashine ya kupukuchua mahindi, ndiye aliyetoa lile bati refu la mdomoni mwa mashine ili imeze haraka. Nilimwambia, "Baba, hapa mkono unakaribia sana meno." Akacheka. "Mama Neema, mashine haili watu, inakula mahindi." Siku hiyohiyo ilikula vidole vyangu vinne vya mkono wa kulia. Baadaye akatangaza kilabuni kwamba nilikuwa nimelewa. Mimi! Mnanijua, hata togwa lisilolevya linanipa kizunguzungu.

Nilipotoka hospitali alikuja Obadia, mdogo wa marehemu mume wangu. Akala ugali wangu, akanawa, ndipo akasema, "Shemeji, shamba linataka mikono. Mvua zikianza halijapandwa, nalichukua." Ekari mbili, ndugu zangu. Ndizo zilizonilelea watoto.

Kulima mlinilimia ninyi kina mama, sitasahau. Lakini kupanda hakuna wa kukusaidia. Mvua ya kwanza ikinyesha kila mtu anakimbilia kwake, na huwezi kumlaumu. Kwa hiyo nilijipima mapema, kwenye bustani nyuma ya nyumba. Piga shimo kwa mkono mmoja, weka jembe chini, inama, tia mbegu, inuka, tafuta jembe. Asubuhi nzima nikapata mistari mitatu. Nilikaa chini nikalia, nawaambia ukweli.

Nikawaza: basi mbegu ishuke yenyewe. Nikachoma bomba ardhini, nikatumbukiza punje kwa juu. Udongo ukaziba bomba. Nikazibua, likaziba tena, nikalitupa kwenye migomba. Siku mbili sikutaka kuliona. Siku ya tatu nikalifuata, nikalifunga ubavuni mwa nondo. Nondo itoboe, bomba lidondoshe tu.

Nikakipeleka chuma hicho kwa fundi wa kuchomelea mageti pale Tunduma, kijana wa Kiislamu aliyetoka Tanga. Akakigeuzageuza. "Mama, huu mkuki? Ukivuka nao Zambia watakufunga."

"Ni jembe la mtu asiye na vidole," nikamwambia.

Akaacha kucheka. Akachonga ncha, akachomelea kipande cha kukanyagia, akaweka mpira wa tairi wa kufungia chuma kwenye mkono wangu mbovu. Juu ya bomba akapachika shingo ya chupa ya maji, iwe mdomo wa kutilia mbegu. Nilipouliza bei akasema, "Ukivuna niletee mahindi ya kuchoma."

Mvua ikanyesha. Nakanyaga, nachomoa, nadondosha, nafukia kwa kisigino. Siinami. Siku ya sita Obadia akafika na ng'ombe na plau lake. Akasimama mpakani akaangalia. Akachutama, akafukua shimo moja, akakuta punje. Akafukua la pili. Akaenda mpaka katikati ya shamba akafukua la tatu!

"Nani amekupandia?"

"Mimi. Na hayo uliyofukua uyafukie."

Akafukia, ndugu zangu. Kisha akageuza ng'ombe wake.

Hapo ndipo mkaanza kuja kuniazima chuma changu, maana hata mwenye vidole kumi ana mgongo. Mmoja wenu akatengeneza chake, akakifunga kamba ya kupimia nafasi kati ya shimo na shimo, na chake sasa ni kizuri kuliko changu. Mke wa Obadia naye alikuja, anaona aibu. Nikampa. Yeye hakunikosea.

Jaredi sijamsamehe bado. Mchungaji ananiombea, aendelee. Lakini nawashukuru ninyi mliokataa kumpelekea mahindi mpaka akarudisha lile bati. Namshukuru yule fundi, nilipovuna mahindi yake nilimpelekea gunia. Namshukuru Mungu aliyeniachia kidole gumba na akili.

Ninalowaachia ni hili: kitu ulichokitengeneza kikikataa mara ya kwanza, usikiache kwenye migomba. Kiokote, ukawaonyeshe watu hivyohivyo kilivyo kibaya.

Huu ni msimu wa pili, na jana nimepalilia. Mahindi yamenifika magotini, na mpaka wangu na Obadia uko palepale alipouacha mume wangu.