Ubao Mukavu wa Papa Nicolas

Kataki, mtaa wa Kalemie, pale njia inapoteremka kuelekea reli, kuna benchi moja tu, na waliolizoea wanaliita Bunge la Kukaa. Katikati ya mji watu hujadili mambo ya nchi wamesimama. Hapa kwa Mama Dorothée, muuza kahawa, unajadili umeketi, gilasi ya kahawa mkononi, la sivyo maneno yako hayahesabiki. Benchi lenyewe ni ubao mmoja wa mti wa muvula, mrefu, mpana, mzito, umelazwa juu ya magogo mawili. Mumewe, Papa Nicolas, ndiye aliyeuleta kutoka Niemba, zamani kabla vita haijafunga njia ile. Mwisho wa ubao, upande wa jiko, hapakaliwi. Kila asubuhi Mama Dorothée humimina gilasi ya kwanza na kuiweka pale: ni kahawa ya Papa Nicolas, aliyepanda baiskeli yake kurudi Niemba kutafuta mbao nyingine, miezi kumi na minne iliyopita. Jioni wote wakishaondoka huinywa yeye mwenyewe, baridi hivyo hivyo, maana kuimwaga hawezi. Hilo hakuna anayelijua.

Siku hiyo ya mwezi wa kumi, mwaka wa 2017, Fundi Idi seremala alifika na karatasi iliyokunjwa mara nne.

— Nimepata komande, oda ya kazi, akasema. — Biro ya kutafuta watu, ofisi ile inaandikisha waliopotezana kwa vita. Wanataka meza.

— Meza ni meza, akasema Direkta. — Sasa matangazo ni ya nini?

Direkta ni Papa Élysée. Alikuwa karani wa stesheni miaka ishirini na nane. Treni zilipoanza kuadimika, cheo alijipandisha mwenyewe.

— Ni meza ya kufanyia kazi umesimama.

Kahawa ikampalia Satelaiti. Huyu ni Aboubakar, anabeba abiria kwa pikipiki, na habari zote za Kalemie hupitia kwake, nyingine hata kabla hazijatokea.

— Umesimama? Siku muzima?

— Siku muzima. Na juu yake ekra tatu, vioo vya kompyuta.

— Tatu! Na muntu ana macho mawili tu!

— Ngojeni, akasema Direkta, akainua kidole. — Biro naijua miye. Kwenye biro, cheo njo kiti. Mukubwa wa stesheni alikuwa na kiti cha mikono. Miye nilikuwa na kiti bila mikono. Mufagiaji alikuwa na kigoda. Muntu wakimunyima kiti, ujue amekosa jambo. Wanamuazibu.

— Wanamuazibu na ekra tatu?

— Azabu ya biro haina mwanzo wala mwisho, mutoto wangu.

— Hapana, Papa Direkta, akasema Satelaiti. — Miye nimeshahesabu. Ni mambo ya vita hii. Masasi ya bunduki ikilia, mwenye kukaa anashituka kwanza. Halafu anasukuma kiti. Halafu kiti kinaanguka, na yeye anaanguka juu yake. Mwenye kusimama, wakati huo ameshafika ziwani!

— Na ekra?

— Anaziacha. Njo maana ziko tatu. Waporaji watapigana kwanza juu ya kuzigawa, yeye anaendelea kukimbia.

Fundi Idi alikunjua karatasi yake gotini. Alikuwa na picha, na picha zilimpa heshima.

— Musikilize basi. Walichagua kwa shida sana. Kuna hii ya umeme: unabonyeza, meza inapanda yenyewe.

— Na umeme ukikatika iko juu?

— Inabaki juu.

— Hata mwezi?

— Hata mwezi. Njo maana wameiacha. Hii ya pili unaipandisha kwa kuzungusha mukono, lakini angalia miguu yake, myembamba. Weka ekra tatu hapo, ukiandika tu inatetemeka kama muntu wa malaria. Ya tatu ni yangu miye. Miguu mine. Haipandi, haishuki. Inasimama usawa wa kiwiko cha mwenye kuitumia, basi.

— Idi! Umeshinda umeme! akapiga kelele Direkta. — Leo kahawa ya wote ni juu yako!

— Lakini hizo ekra, akasema Satelaiti, sauti chini, — musidanganyike. Ya kwanza inaona makambi ya waliokimbia. Ya pili inaona pori. Ya tatu inakuona weye. Ukikaa haikuoni muzuri, njo maana wanakusimamisha. Hata sasa hivi wanatuona hapa.

Direkta akafunga kifungo cha shati. Mama Dorothée akacheka, na kicheko chenyewe kilimshangaza, kilikuwa hakijamtoka siku nyingi. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari:

— Ile ya pori, inaona mpaka Niemba?

Satelaiti aliangalia ndani ya gilasi yake.

— Nilikuwa natania tu, Mama.

— Najua, baba. Miye pia.

Lakini hakuwa anatania, na wote walijua. Fundi Idi akaanza kukunja karatasi, akaikosea, akaikunja tena.

— Shida ni mbao, akasema. — Zile za soko ni mbichi. Nikitumia mbao mbichi, wiki mbili meza imepinda, ekra ziko chini. Nataka ubao mukavu, mupana. Nikiukata katikati na kuunganisha vipande viwili, meza iko tayari. Nimezunguka mupaka kwa wale wa kutengeneza mitumbwi. Hakuna. Mukavu uko mumoja tu hapa Kataki...

Alikuwa ameweka kiganja juu ya benchi. Mama Dorothée alikuwa amekwisha kuuona mkono ule tangu alipofika. Haukuwa mkono wa mtu aliyekuja kunywa kahawa, ulikuwa unapapasa ubao kama wa mnunuzi.

— Hapana, akasema.

— Idi, weye! Satelaiti aliruka. — Unataka kumukata Papa Nicolas?

— Nataka kukata ubao.

— Ni kitu kimoja!

— Akirudi leo, akasema Direkta, — akakuta mahali pake pameenda biro, utamuambia nini? Eh? Utamuambia nini?

— Nitamuambia nilikosa mbao, juu mwenye kuzileta hakurudi!

Neno likatoka hivyo, na halikurudishika. Miezi kumi na minne Bunge lilisema amechelewa, njia imefungwa, atakuwa anangoja bei ishuke. Neno hakurudi lilikuwa halijasemwa. Fundi Idi akafunika uso kwa kofia yake, na Mama Dorothée akainamia jiko akawa anapepea moto ambao tayari ulikuwa unawaka.

Ndipo akaja binti mmoja kutoka upande wa juu, kadi ya kazi shingoni, mkono mmoja kiunoni, anatembea polepole kama mwenye mimba kubwa, ila mimba hana.

— Jambo yenu, ma-papa. Jambo, Mama. Papa Fundi, niko Reine wa biro. Wamenituma unipime kiwiko.

— Karibu, mama, kaa, akasema Direkta kwa mazoea, halafu akakumbuka kwamba nafasi iliyobaki ni ile moja. Akaanza kujisogeza.

— Aksanti, Papa. Siwezi kukaa.

— Walikuazibu?

— Mugongo, Papa. Unaniuma.

Bunge likatazamana. Mgongo! Katika yote waliyoyasema, mgongo haukupita kichwani mwa mtu hata mmoja.

Fundi Idi akatoa uzi, akaukanyaga chini, akaupandisha mpaka kwenye kiwiko cha Reine, na yeye akawa anaeleza huku amenyooka.

— Kazi yangu ni kusoma majina, saa mbili ya asubuhi mupaka giza. Zamani nilikuwa na ekra moja. Nafungua liste ya wanaotafutwa, nasoma jina, nafunga, nafungua ya walioingia makambini. Nikifika huko, jina limeshanitoka. Sasa zimekuja tatu, kila liste na yake, ya mwisho ni ya mahospitali. Lakini nikikaa, mugongo. Nikimeza dawa ya mugongo, nasinzia. Mwezi wa tatu nilisinzia, nikaruka jina moja. Mutoto wa miaka sita. Mama yake alikuwa upande huu wa mto Lukuga, mutoto ng'ambo. Wakakaa vile wiki tatu.

Akaushika uzi kwenye kiwiko usiteleze.

— Wiki tatu, Papa, juu ya mugongo wangu. Sitaki kuruka tena.

Fundi Idi akapiga fundo kwenye uzi. Reine akaona gilasi pale mwisho wa ubao.

— Mama, hii kahawa ya nani? Inapoa.

— Ya Papa Nicolas. Bwana yangu.

— Anakuja sasa hivi?

— Alienda Niemba.

— Lini?

— Mwaka jana, akasema Direkta. — Mwezi wa nane.

— Na jina lake, mulishaandikisha?

Direkta, aliyewaandikia barua watu wa mtaa mzima, akamtazama Satelaiti. Satelaiti, anayepita mbele ya biro ile mara nne kwa siku, akamtazama Idi. Idi, aliyeingia mpaka ndani na mita yake mkononi, akaangalia chini. Kila mmoja alidhani mwingine amefanya, au aliogopa kuuliza. Na Mama Dorothée, yeye alikuwa amefika siku moja mpaka mlangoni pa biro. Akasikia karani anamwuliza mtu wa mbele yake: aliyepotea ni nani? Neno hilo likamgeuza. Akapita sokoni akanunua chumvi asiyoihitaji. Nicolas wake hakupotea, yuko Niemba. Muntu anayemiminiwa kahawa kila asubuhi, amepoteaje?

— Bado, akasema.

— Mama yangu, Reine akasema taratibu. — Nimesoma makambi yote, tena na tena. Lakini jina ambalo hakuna anayelitafuta, hata nikilikuta, nalipita. Sina wa kumuita.

Moyo wa Mama Dorothée uliuma, uliuma wazi wazi, kama kidole kilichoshika sufuria ya moto. Huenda Nicolas alisomwa. Huenda alipitwa. Akainyanyua gilasi ya Papa Nicolas kutoka mahali pake.

— Simameni.

— Mama?

— Simameni wote. Idi, chukua ubao wako.

Wakasimama. Idi akashika huku, Satelaiti kule, wakauondoa kwenye magogo, na walipoufikisha usawa wa fundo la uzi, Reine akatoa fomu mkobani, akaitandaza juu yake, akaanza kuandika amesimama. Mama Dorothée alikuwa na gilasi mkononi, hana pa kuiweka.

Jina, walilisema wote kwa pamoja. Jina la baba, alilijua Direkta. Alama ya mwilini: kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, msumeno ulikila. Baiskeli: nyeusi, kengele haina.

— Siku ile alivaa nini?

— Shati ya rangi ya bleu, akasema Direkta.

— Ya bleu ni ya misa, Papa, akasema Satelaiti. — Alivaa ile koti ya kijani.

— Koti ninayo miye, akasema Idi. — Aliniachia nishone mufuko.

Watu waliojua kwa nini biro ina ekra tatu hawakujua shati moja. Wakamgeukia Mama Dorothée. Asubuhi ile ya safari kuni zilikuwa na maji, moshi umejaa machoni. Nyuma yake Nicolas alisema, Mama, naenda. Naye akajibu, haya.

— Sikugeuka, akasema, na machozi yakamshuka asiyafute. — Moto ulikuwa unakataa. Nilikuwa napuliza. Sikumuangalia.

Reine akangoja, kalamu juu.

— Niandike haijulikani?

— Hapana, akasema Mama Dorothée. — Acha wazi pale. Akirudi atajaza yeye mwenyewe.