Kisu cha Yesaya Mbonile, na Aliyekiazima

Mchungaji, wazee wa ukoo, ndugu na majirani mliotoka Tunduma, Isongole na kwingineko, Bwana asifiwe. Mimi ni Ferista, ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, na niseme mapema kwamba jana wazee waliniomba sehemu moja niiruke, nikawajibu kuwa maisha ya mtu si dimbwi la kurukwa, kwa hiyo nitasoma yote, na atakayeona aibu aione akiwa ameketi.

Yesaya Lwitiko Mbonile alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa hapa Ikinga, wilaya ya Ileje, akiwa mtoto wa pili wa mzee Lwitiko Mbonile. Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia 1970 hadi 1976, hodari wa hesabu na kazi za mikono, ila kuimba kulimshinda kabisa, hata mwalimu wa kwaya akamsamehe. Mwaka 1983 alikwenda Tunduma, akajifunza ufundi wa magari katika gereji ya kampuni moja ya usafirishaji, akaajiriwa hapo mpaka alipostaafu Desemba 2018. Ndiko alikokutana na Osea, fundi mwenzake, wakapanga chumba kimoja, wakala sahani moja, watu wakadhani wamezaliwa tumbo moja.

Tarehe 24 Septemba 1988 alifunga ndoa na Tukuswiga, binti wa Isongole, msimamizi wake akiwa huyo huyo Osea, na Mungu akawajalia watoto watatu, Tumaini aliyezaliwa 1990, Lusajo wa 1993, na Gloria wa 1998.

Magari yalimlisha kaka, lakini kilichompa raha ni visu vya kukunja. Vile visu ambavyo babu zetu walirudi navyo kutoka migodini, vimeliwa na kutu na springi zimekufa, yeye aliviomba kwa watu, akavifumua barazani kwake, akasugua bapa kwa tupa na msasa, akachonga mpini mpya wa mpingo au wa pembe ya ng'ombe aliyoletewa kutoka Momba, na kisu hakikutoka mkononi mwake mpaka kifunguke kwa kidole gumba kimoja. Hakuuza hata kimoja, alikirudisha kwa mwenyewe, akafurahi. Alama yake ilikuwa nukta tatu, naye aliigonga kwa ndani, chini ya mpini, mahali pasipoonekana mpaka kisu kifumuliwe, akisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, nasi tulimcheka tukamwambia unyenyekevu huo utamponza. Ulimponza.

Katika nyumba yetu kisu cha baba hakizikwi, kabla kaburi halijafukiwa msimamizi wa ndoa ya marehemu humkabidhi mrithi mbele ya watu. Baba alipofariki tarehe 17 Agosti 1991, Yesaya alikabidhiwa hivyo kile kisu ambacho baba alirudi nacho kutoka migodi ya Kitwe, akakitia mpini wa pembe nyeusi, na Gloria alipokua, kaka alitamka mbele yetu sote kwamba baada yake ni cha Gloria, maana ndiye aliyekaa naye barazani akashika tupa wakati kaka zake wanachezea simu.

Julai 2019 Osea alikiazima, akasema anakipeleka kwenye maonesho Mbeya watu waone kazi ya rafiki yake, akarudi analia kwamba kimeibwa stendi. Kaka akambembeleza! Tukuswiga akamchinjia kuku, nami nilifunga siku nzima nikimwombea Osea moyo wake utulie.

Kisha tarehe 6 Juni 2023 dereva wa lori kutoka Zambia alifika pale barazani na kisu kilichokwama springi, kwenye bapa limechorwa jina la Osea kwa herufi kubwa, akasifu kwamba alikinunua kwa fundi mwenyewe, ambaye Nakonde yote, ng'ambo ya mpaka, inamjua kwa visu vyake. Kaka alitoa mpini wa pembe nyeusi, akaziona nukta zake tatu. Gloria alimsihi baba yake asikirudishe kisu cha babu, lakini kaka alisema yule mgeni hakuiba, amenunua kwa haki, akatengeneza springi, akakinoa, akampa, dereva akashukuru na kwenda zake. Usiku ule hakula, wala hakugusa tena tupa mpaka anaondoka duniani.

Alianza kuugua figo Januari 2024, akalazwa na kutoka, akalazwa tena. Muda wote huo alituma watu wamwite Osea, si kumshitaki, alitaka tu asikie kwa mdomo wake, na kila mlango ulipogongwa aliuliza kama ni Osea. Osea alileta salamu kwa watu, alileta mchele, mwenyewe hakuja. Kaka alifariki tarehe 9 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, daktari ametuambia ni figo, nami simbishii daktari, ila mimi niliyemlisha uji najua kilichomkaba kooni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Tunduma waliolala na sisi msibani, wafanyakazi wenzake wa zamani waliotupatia gari la kuleta mwili, na kina mama wa Ikinga ambao hadi sasa wako jikoni.

Leo Osea amekuja, ameketi safu ya pili, amevaa suti. Wazee walitaka kinunuliwe kisu cha dukani na mtu mwingine akikabidhi ili mambo yaende, Gloria amekataa, nami nimesimama naye. Tukifika kaburini mtoto atanyoosha mkono kama desturi inavyotaka, na msimamizi wa ndoa ataitwa kwa jina lake kama desturi inavyotaka, na kama hana kisu cha kumpa, basi amwambie mwanangu kiko wapi, watu wote wakisikia, na baba yake akisikia kabla hatujaweka udongo.

Yesaya, kaka yangu, wewe pumzika kwa amani. Osea, simama, tunakwenda.