Recheli Shilinde, Aliyekataa Kutia Saini

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Tobias Shilinde. Ipole, 14 Juni 2025.

Tumemrudisha nyumbani Dkt. Recheli Shigela Shilinde. Alizaliwa hapa Ipole tarehe 3 Mei 1981, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Shigela, mkulima wa tumbaku na mrina asali, na mama yetu Koleta. Alibatizwa katika Kanisa la Moravian. Wazee wa hapa wanakumbuka ubishi wake. Akiwa darasa la nne alirudishwa nyumbani kwa kumwambia mwalimu kwamba swali la ubaoni halina jibu. Baba alimpeleka shuleni kuomba radhi. Mwalimu akalisoma tena swali lake, akalifuta. Radhi haikuombwa, na Baba alirudi akicheka njia nzima.

Alisoma sekondari mjini Tabora, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikopata shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka 2006 na ya uzamivu mwaka 2014. Utafiti wake ulihusu programu za mantiki, yaani programu zinazoandikwa kama kauli na kanuni: jambo hili ni kweli ikiwa lile ni kweli. Mara nyingi kanuni hizo hazitaji kama mahali fulani pataingia jina, namba au orodha. Recheli alitengeneza njia ya kuzisoma kabla hazijaendeshwa na kutambua aina ya kitu kitakachofika kila mahali.

Mama alimuuliza kazi hiyo ni ya nini. Akamjibu, "Mama, mtu akileta debe mashineni, unasubiri lisagwe ndipo ujue kama ni mahindi au mawe?"

"Namzuia mlangoni," Mama akasema.

"Basi ndiyo kazi yangu."

Msomi mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba wilaya yetu ya Sikonge inahitaji visima, si utafiti wa namna hiyo. Recheli alikubali kwamba visima vinahitajika, akaongeza kuwa yeye si fundi visima, kisha akaendelea na mada yake.

Tarehe 18 Desemba 2010 alifunga ndoa na Raymundi, mwalimu wa hisabati, Mkatoliki wa Kanyenye. Walioona ndoa hiyo haitadumu wapo hapa leo, na tunawakaribisha. Waliishi Cheyo, mjini Tabora, wakajaliwa Advera na Amon. Recheli alifundisha katika chuo kimoja cha hapo mjini.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo familia imeombwa, kwa upole, iliruke. Hatutaliruka.

Mwaka 2019 Recheli alipewa mkataba wa kukagua mfumo wa kompyuta uliokuwa ukiandaliwa kwa vituo vya afya, wa kupendekeza dozi za watoto. Ulikuwa umeandikwa kwa kanuni za mantiki. Uchambuzi wake ulionyesha kwamba uzito wa mtoto usipojazwa, kanuni moja ingeweza kuchukua umri wake wa miezi badala ya kilo. Vyote viwili ni namba, kwa hiyo kompyuta isingelalamika. Lakini uchambuzi wa Recheli ulifuata kila namba hadi ilikotoka, ukatenganisha kilo na miezi.

Mkuu wa mradi alimwambia kikaoni, "Dokta, tumeujaribu miezi yote hii, haujakosea."

"Mmeujaribu kwa taarifa za watoto mliowachagua ninyi. Mimi nimesoma kanuni zenyewe, na njia ya kosa ipo."

"Uzinduzi ni wiki ijayo. Tia saini kwamba mfumo ni salama, tutarekebisha baadaye."

"Rekebisheni kwanza."

Mkataba wake ulivunjwa. Alirudi Cheyo, akapika, akala, akalala. Raymundi anasema yeye ndiye aliyekosa usingizi.

Kabla ya uzinduzi, mfamasia wa mradi, dada Julieth, ambaye yuko hapa na ameniruhusu kumtaja, aliamua kujaribu alichosema Recheli. Aliingiza taarifa za mtoto wa miezi thelathini, akaacha uzito wazi. Mtoto wa umri huo huwa na kilo kumi na kitu. Mfumo ulitoa dozi ya mtoto wa kilo thelathini. Julieth akapiga simu palipostahili, uzinduzi ukasimama, kanuni ikarekebishwa. Hakuna mtoto aliyekunywa dozi ile. Ripoti ya mradi haikumtaja Recheli, wala hakurudishwa kazini. Basi tunamtaja sisi, hapa, kwa sauti.

Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Mwanza, na kati ya matibabu aliendelea kufundisha, mwishoni akiwa kitandani, wanafunzi wameketi mkekani. Mmoja alimwambia, "Shikamoo Dokta, pumzika kidogo." Akajibu, "Marahaba. Soma mstari wa pili."

Aliniagiza mwenyewe: "Tobias, usiandike kwamba nilishindwa na ugonjwa. Andika niliugua, nikafanya kazi, nikafa." Nimeandika hivyo. Alifariki nyumbani Cheyo asubuhi ya Jumatano, 11 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Ameacha mama, Koleta; mume, Raymundi; watoto, Advera na Amon; mimi mdogo wake; na wanafunzi, ambao watabeba jeneza lake leo kwa sababu wameomba wao.

Apumzike kwa amani dada yetu. Wanaotaka tunyamaze wasubiri tumalize kuimba.